Vitanda Kumi na Viwili vya Kilandoni

Nchi ninayoisimulia ina jina, na jina lenyewe ni zuri, ila kwa sasa siwezi kulitaja. Si kwamba naogopa. Jina liko kwa washauri waelekezi, linafanyiwa mapitio, na mpaka ripoti itoke wananchi wameombwa waseme "nchi yetu" tu, tena kwa sauti ya kadiri.

Ni nchi ya amani, na serikali yake haikurupuki. Paa la ukumbi wa Bunge lilipoanza kuvuja, wabunge walikaa na miavuli miezi minane wakisubiri washauri wabaini maji yanatoka upande gani. Ripoti ilikuja na kurasa mia tatu na picha za rangi, ikaeleza kwamba, kwa sehemu kubwa, maji yanatoka juu. Bunge zima lilishangilia. Waliokuwa chini ya tundu walipiga meza kwa mkono mmoja, kwa sababu wa pili ulishika mwavuli.

Mnielewe vizuri, siwacheki. Kila nchi ina desturi zake, na desturi ya nchi ile ni kwamba neno halina uzito mpaka limtoke mshauri. Mkulima akisema mahindi yamekauka, anaambiwa aache kulalamika. Mshauri akisema mahindi yamekauka, anaandaliwa chai na mkutano. Kampuni kubwa kuliko zote za kazi hiyo inaitwa Upeo na Wenzake. Ofisi zake ziko mji mkuu, ghorofa ya kumi na tisa, na kutoka dirishani unaiona nchi nzima bila kuona mtu hata mmoja.

Huko Kilandoni, mji mdogo ulio mbali na lami, alikuwepo mkunga aitwaye Pelagia Chilongani, mama wa miaka hamsini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita aliongoza wodi ya wazazi ya vitanda kumi na viwili. Hata afisa mtendaji wa mji, kijana mwenye kujiona kidogo, alikuwa akikutana na Nesi Pelagia njiani anavua kofia, maana alijua ni nani aliyemkata kitovu.

Miaka mitatu iliyopita wodi ile ilifungwa kwa ushauri wa Upeo. Ripoti ilisema vitanda vya Kilandoni havitumiki. Nesi Pelagia aliisoma sentensi hiyo akadhani macho yamemdanganya, akavaa miwani, akaisoma tena. Vitanda ambavyo wakati mwingine viliwalaza wazazi wawili wawili, mzungu wa nne, ndivyo vilivyoambiwa havitumiki. Alijua kuna mtu amesema uongo, na kwa miaka mitatu alimchukia mtu huyo bila kumfahamu. Tangu hapo mjamzito wa Kilandoni akishikwa na uchungu anapandishwa pikipiki kwenda hospitali ya mkoa, kilomita sitini za mashimo.

Akaandika barua kwa Wizara. Aliandika kumi na nne. Zote zilijibiwa kwa adabu kwamba maoni yake ni mazuri mno, tatizo yametoka kwa mhusika. Mwishowe alifunga safari mwenyewe mpaka Wizarani, na kule masjala karani mmoja, mama wa makamo, akamwonea huruma.

"Dada, unajichosha bure," karani alimwambia. "Barua zako tunazo, tunazisoma hapa mpaka tunatokwa na machozi. Lakini wewe ni mhusika."

"Mhusika si ndiye anayejua?"

"Ndiyo hapo sasa. Anayejua ana upendeleo. Maneno yako haya haya, asibadilishe hata nukta, akiyaandika mtu wa Upeo, wiki ijayo kufuli linakatwa." Karani akatazama kushoto na kulia. "Wanatafuta wafanyakazi. Nenda kaombe kazi, uandike huo ukurasa wako mmoja, halafu uache."

Ndiyo sababu Nesi Pelagia aliomba kazi ya ushauri. Hakutaka mshahara wala gari. Alitaka ukurasa mmoja wenye nembo ya Upeo, usemao: fungueni wodi ya Kilandoni.

*

Upeo walikuwa na mlango wa vijana waliotoka chuo na mlango wa Wenye Uzoefu. Ule wa Wenye Uzoefu ulikuwa mwembamba zaidi, na kanuni zake zilibandikwa ukutani. Miaka kumi ya kwanza ya kazi inahesabiwa. Kila mwaka unaozidi hapo unatolewa, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi moja muda mrefu ameshaharibika akili kwa kuielewa. Kwa kanuni hiyo Nesi Pelagia alikuwa na uzoefu wa miaka sita chini ya sifuri. Binti wa mapokezi alimpa pole, akamwambia asikate tamaa, kuna profesa aliyewahi kupita akiwa na ishirini na mbili chini ya sifuri, ila yeye alikuwa amesahau karibu yote.

Msaili wa kwanza alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, Jotham, mwenye suti iliyombana na uso wa mtoto aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema, kisha akajishika mdomo. "Samahani. Humu ndani hatuna shikamoo, tunaitana kwa majina. Mimi Jotham. Wewe ni Pelagia."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Nesi Pelagia.

Jotham akainama kwenye karatasi zake mpaka aibu ikapita. Akamweleza kwamba Upeo wanajibu kila swali kwa hoja tatu. Mbili ni uvivu, nne ni fujo. Kisha akamwomba atoe mfano wa siku aliyoongoza mabadiliko.

Nesi Pelagia alifikiri. "Nilipofika wodini palikuwa na ndoo moja ya maji. Nikanunua ya pili."

"Vizuri. Matokeo yake?"

"Wazazi waliacha kugombea ndoo."

"Na hoja ya tatu?"

"Ya tatu nikanunua kata," alisema Nesi Pelagia, na Jotham akaandika kwa furaha.

Likaja swali la kukadiria, ambalo ndilo linalowaangusha wengi. Jotham alimtaka akadirie watoto wangapi walizaliwa Kilandoni katika mwaka wa mwisho wa wodi.

"Mia nne na kumi na wawili," alisema Nesi Pelagia. "Wanaume mia mbili na watatu, wanawake mia mbili na tisa. Mapacha jozi tano. Rejesta niliandika mimi."

Jotham alisikitika kweli kweli. "Mama, hapo umekumbuka. Kukumbuka hakuruhusiwi. Inabidi uanze na idadi ya watu nchini, ugawanye kwa wilaya, utoe wazee, utoe wanaume, utoe wasiopenda watoto, ndipo ufike Kilandoni."

Walifanya hesabu hiyo pamoja, wakiegemea meza. Walitoa wazee, wakatoa wanaume, na kila walipotoa kundi Nesi Pelagia alihisi kama anawatoa watu anaowajua majina. Walipofika Kilandoni walikuwa wamebaki watoto thelathini na saba.

"Thelathini na saba," alisema Jotham. "Unaafiki?"

Aliwaza wale mia tatu na sabini na watano wengine, waliolia mikononi mwake wakiwa wazima. Akawaza ukurasa wake mmoja. "Naafiki," alisema. Akapita kwenda hatua ya mwisho.

*

Hatua ya mwisho ilikuwa mbele ya Dakta Mansabu Kiondo, mshirika mwandamizi, mtu mnene mpole aliyekuwa amemshauri kila waziri katika kila kosa. Kulia kwake alikaa Jotham. Kushoto alikaa msichana mmoja mshauri, Nashipai, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachosemwa.

"Pelagia," alianza Dakta Mansabu, akifumba macho kama anayeombea chakula. "Taifa ni mgonjwa. Serikali ni ndugu wa mgonjwa. Sisi ni yule mtu anayesimama mlangoni akieleza mgonjwa anaendeleaje. Je, uko tayari kusimama mlangoni?"

"Niko tayari."

"Basi tutakupa tatizo la kweli, lililokwisha kutatuliwa, tuone kama utafika tulipofika. Tunaliita Kituo K. Ni kazi yetu bora, nchi saba zimeiiga."

Akasukuma faili. Ndani yake mlikuwa na picha moja kubwa ya rangi. Vitanda kumi na viwili vimepangwa safu mbili, mashuka meupe yamekunjwa kona zote, sakafu inang'aa. Dirishani kuna chupa ya soda yenye maua mekundu. Chini ya picha pameandikwa: Jumatano, saa nne asubuhi. Vitanda kumi na viwili, wagonjwa hakuna. Mhusika alipoulizwa kama hali huwa hivi, alijibu: kila siku.

Nesi Pelagia aliyatambua maua kabla ya vitanda. Aliyachuma mwenyewe kwenye ua wa kanisa.

Akaikumbuka siku yote. Jumanne jioni ujumbe ulifika kwamba kesho wanakuja wageni kutoka mji mkuu, na yeye akafanya kama alivyofunzwa na mama yake, na kama ambavyo mtu yeyote wa Kilandoni angefanya. Mgeni hakaribishwi katika nyumba iliyotandazwa nguo. Wodini walikuwamo wajawazito sita. Asubuhi ile aliwaomba watoke wakakae nyuma ya jiko, akawatandikia mikeka, akamwambia mpishi awape uji wenye sukari ya kutosha. Akapiga deki, akabadilisha mashuka, akaweka maua. Wageni walikaa dakika kumi na moja. Walisifu usafi. Kijana mmoja akauliza, je, huwa hivi siku zote, naye akajibu kwa majivuno, maana alidhani anasifiwa deki: "Kila siku, mwanangu."

Kwa miaka mitatu alikuwa akimchukia mtu aliyesema uongo juu ya vitanda vyake. Sasa alikuwa anaangalia maua ya mtu huyo.

"Chukua muda wako," alisema Dakta Mansabu. "Tunataka hoja tatu."

"Niliwatoa mimi," alisema Nesi Pelagia.

"Kina nani?"

"Wazazi. Hapa ni Kilandoni, hii ni wodi yangu. Walikuwa sita. Niliwatoa nje ili nyinyi mkute pasafi." Akaweka kidole juu ya picha. "Vitanda havikuwa vitupu. Niliona haya kuwaonyesha wageni watu wanaougua. Andikeni hivyo. Andikeni ripoti ile ilikosea, na kosa ni langu, mfungue wodi."

Jotham alimtazama mkubwa wake. Dakta Mansabu alikuwa ameegemea mbele, na usoni mwake hamkuwa na hasira hata kidogo. Mlikuwa na hamu.

"Ilikuchukua muda gani?" aliuliza.

"Nini?"

"Kuwatoa."

"Dakika arobaini hivi."

"Na wasaidizi wangapi?"

"Mpishi tu."

"Hakuna aliyegoma? Hakuna aliyekwenda kwa diwani?"

"Angegoma nani? Niliwaomba. Walikuwa wananiamini."

"Nashipai, andika hilo," alisema Dakta Mansabu taratibu. "Wagonjwa sita, dakika arobaini, bila upinzani. Sisi tulipojaribu kule kaskazini tulihitaji polisi."

Nesi Pelagia akaona hawajamwelewa, akadhani hajasema vya kutosha. Basi akawaambia kuhusu Mwanaidi. Mwanaidi Sefu alikuwa mmoja wa wale sita, mimba yake ya kwanza, na ndiye aliyekuwa akiwachekesha wenzake kule nyuma ya jiko, akisema wageni wakija kwake nyumbani na yeye atamficha mumewe. Alijifungua salama siku ya pili yake, mtoto wa kike. Mwaka jana alishika mimba ya pili, na wodi ilikuwa imeshafungwa. Alipandishwa pikipiki, mama yake amekaa nyuma akimshikilia. Walifika kilomita ya thelathini na nane. Hapo mama mtu alimwambia dereva asimamishe, kwa kuwa hapakuwa tena na haja ya haraka.

Kalamu ya Nashipai ilikuwa imesimama. Alikuwa akimwangalia Nesi Pelagia kwa macho ya mtu mwenye mama.

"Pole sana," alisema Dakta Mansabu, na naapa alimaanisha. "Nashipai, liweke kwenye changamoto."

Kisha akasimama, akafunga kifungo cha koti, akatoa hotuba. Alisema taifa limebakiwa na wodi kumi na moja za wazazi vijijini. Zote zinangoja kutathminiwa, na tathmini nyingi huharibika kwa sababu washauri wanafika wakakuta watu. Alisema Upeo kwa muda mrefu wamemtafuta mtu wa kutangulia, mtu mzima, mwenye sauti ya upole, anayeaminiwa na wazazi, ambaye wakifika washauri anakuwa ameshapanga mambo. Cheo chake kingekuwa Mkurugenzi wa Maandalizi ya Tathmini. "Uzoefu wako, Pelagia, nilikuwa na mashaka nao. Nakuomba radhi. Kumbe unao hasa ule tunaouhitaji."

"Na ukurasa wangu?" aliuliza Nesi Pelagia. "Wa Kilandoni?"

"Baada ya wodi kumi na moja, unaruhusiwa kupendekeza jambo moja lako binafsi. Ni utaratibu. Huo ukurasa utaandika, nami nitautia saini mwenyewe."

Barua ya ajira ilikuwa tayari mezani, imeachwa nafasi ya jina tu. Msidhani Nesi Pelagia hakuifikiria. Aliifikiria mpaka jasho likamtoka. Aliiona wodi yake imefunguliwa, mashuka yameanikwa, watoto wanalia. Halafu akawaona wauguzi kumi na mmoja wakimkaribisha kwa heshima, na nyuma ya majiko kumi na moja wanawake wamekaa kwenye mikeka wanakunywa uji, wanacheka, kwa sababu mama mmoja mwenye uso mzuri amewaomba wakae huko kidogo.

"Wale sita niliwatoa kwa ujinga," alisema. "Hawa nitakuwa nawatoa kwa kujua. Siwezi, baba."

Akabana mkoba wake kwapani, akaaga. Alipofika kwenye lifti Nashipai alimkimbilia, akamkabidhi ile picha ya vitanda, akarudi ndani. Baadaye nilisikia alikatwa alama kwa kupoteza kielelezo.

*

Nesi Pelagia alirudi Kilandoni, na kwa siku mbili hakutoka nje. Siku ya tatu aliandika ukurasa wake kwa mkono. Hakuweka hoja tatu. Aliandika kwamba Jumatano ile wodini walikuwamo wazazi sita, kwamba yeye Pelagia Chilongani ndiye aliyewaficha, kwamba anaomba radhi kwa kila aliyeumia, na kwamba wodi ifunguliwe. Chini akaandika majina ya wale sita, akaacha nafasi mbele ya kila jina. Akaenda akaubandika kwenye mlango wa wodi, juu ya kufuli, na ile picha pembeni yake.

Mambo ya serikali niyamalize hapa hapa, yasije yakanichanganya mwishoni. Nakala ya ukurasa ilifika Wizarani. Wizara ilifurahi kuona wananchi wanaandika. Ilijibu kwamba maoni yamepokelewa, na kwamba atatafutwa mshauri wa kuyasoma. Ukurasa wenyewe ukabanduliwa mlangoni baada ya siku tisa kwa kuwa haukuwa na muhtasari. Wodi imefungwa hadi leo ninaposimulia, na Nesi Pelagia anazalisha nyumbani kwake, jambo ambalo ni kosa kisheria, na afisa mtendaji anapopita pale huangalia upande wa pili.

Lakini zilikuwapo hizo siku tisa. Siku ya kwanza hakuna aliyeusogelea mlango. Watu walisoma kwa mbali wakaenda zao, na wengine hawakuitikia salamu ya Nesi Pelagia, naye hakuwalaumu. Siku ya pili alikuja mmoja wa wale sita, muuza vitumbua, akiwa na kidau cha wino alichoazima shuleni. Akachovya kidole gumba, akakigandamiza mbele ya jina lake. Jioni wakaja wawili. Kufikia siku ya tano walikuwa wametia kidole watano, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya Mwanaidi.

Nesi Pelagia alishinda pale barazani siku zote hizo, kwa kuwa aliona ni haki yake kutazamwa. Siku ya sita alimwona Bi Siwema, mama yake Mwanaidi, anakuja amemshika mkono mjukuu wake Tunu, mtoto wa miaka mitatu. Nesi Pelagia alisimama.

"Bi Siwema, ni mimi niliye..."

"Nimesomewa," alisema Bi Siwema. "Nimesomewa mara mbili."

Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Alimwinua mtoto kiunoni, akamchovya kidole kwenye wino, akakisogeza mpaka mahali palipoandikwa jina la mama yake, akakikandamiza na kukishikilia hapo kwa muda. Alipokitoa, kilibaki kialama kidogo kama punje.

Tunu alikitazama kidole chake, kisha karatasi. "Bibi, nimeandika nini?"

"Umeandika kwamba siku ile na wewe ulikuwamo humu ndani," alisema Bi Siwema, akamteremsha chini wakaenda.